Sio WiFi, Ni Sera Mbili Zinagombana

Wasee, kutoka Umoja hadi Kayole kuna vijana wanapiga kazi za kampuni wakiwa bedsita. Unaingia kwa seva kupitia Remote Desktop, unageuza sauti kuwa maandishi, unalipwa kwa kile umemaliza. Sasa unaamka kupika chai, unarudi, umetolewa na kazi haijaseviwa. Nani analaumiwa? WiFi ya mtaa. Ama stima. Ama wewe.

Mimi naona WiFi inasingiziwa. Net ikisumbua, inakatika saa yoyote. Lakini ukitolewa kila mara baada ya dakika zilezile za kutogusa kibodi, hiyo ni sheria mtu ameweka.

Iko hivi. Kwa Windows, sera zinasomwa kwa mpangilio: kwanza za mashine yenyewe, halafu za saiti, za domeini, mwisho za folda ya idara inayoitwa OU. Kawaida ya mwisho ndiyo inashinda, isipokuwa ya juu imelazimishwa. Ni kama keateka aseme geti inafungwa saa tano na mwenye ploti aseme saa tatu: lazima ijulikane neno la nani linasimama.

Muda wa kukaa bila kugusa kitu una kanuni yake. Unaweza kuwekwa upande wa mtumiaji na pia upande wa kompyuta. Zote zikiwepo, ya kompyuta inashinda. Akaunti yako ikipewa saa mbili na seva ipewe dakika 15, utatoka kwa dakika 15. Ukikatwa tu, programu zinabaki kwa seva zikikungoja. Sera ikisema sesheni imalizwe, kazi ambayo hukusevu imeenda.

Na hapa ndipo kuna uonevu. Ukiandika gpresult /scope user /h ripoti.html unaona upande wako pekee. Upande wa kompyuta unahitaji haki za adimini. Yaani ile sheria inakula doo yako ndiyo huwezi kuiona.

Kupiga gpupdate /force mara kumi hakusaidii. Inasoma sera zilezile, mshindi ni yuleyule. Na kumpa kila mtu uadimini ni kuacha geti wazi usiku. Sisemi limiti itolewe: sesheni zilizolala zinakula memori ya seva, na skrini iliyoachwa wazi kwa saiba ni hatari. Nasema watu wa IT watoe ripoti ya pande zote mbili, wachague muda mmoja, wauweke mahali pamoja, na wautangaze kabla mtu hajaanza kazi.

Wewe nawe, ukitolewa usiwaandikie "net inasumbua." Andika saa uliacha kugusa kibodi na saa ulitolewa, kisha uulize: sera gani imeshinda, na imewekwa wapi? Hilo swali lina jibu. "Jaribu tena" sio jibu.