Pombe ya Uani Lubumbashi

Historia ya vilabu vya pombe vya kifamilia mjini Lubumbashi, jiji lililoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianza na bia ya Simba na kuishia kwenye baa za mtaa wa Kamalondo, ilhali sehemu kubwa yake ilikuwa uani, ambako akina mama walipika na kuuza munkoyo na lutuku. Munkoyo ni kinywaji cha uji wa mahindi unaotiwa mizizi iliyopondwa, ambayo vimeng'enya vyake hugeuza wanga kuwa sukari, hata uji mzito ukawa mwepesi na mtamu; ukinywewa mapema hata mtoto hupewa, ukiachwa siku chache huchachuka na kulevya. Lutuku, yaani pombe kali inayokenekwa kutokana na mahindi au muhogo, ilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni, kwa hiyo biashara hiyo ilihitaji majirani wasiri na, pengine, polisi mwenye kiu. Union Minière, kampuni ya shaba iliyoundwa mwaka 1906, iliandika mishahara ya waume, si mapato ya wake zao. Kuyaita mapato hayo ya ziada ni kosa, kwani mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990, na Gécamines, mrithi wa kampuni hiyo, ikashindwa kulipa mishahara kwa wakati, kaya nyingi za mitaa ya Kenya na Katuba jijini Lubumbashi zilisalimika kwa biashara ndogondogo za wanawake, pombe ikiwemo.