WASIWASI HAUSHIBI MAJIBU

Wasomaji wenzangu, naomba nafasi katika jarida letu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi hulicheka bila kulijua. Maoni yenyewe ni haya: mtu anayepona maradhi ya wasiwasi hasaidiwi kwa kuambiwa kila saa kwamba amepona. Husaidika akiachwa akae na shaka yake mpaka aizoee. Najua hayo yanasikika kama ukatili. Nivumilieni nieleze.

Maradhi ninayoyasema hujulikana kwa herufi tatu za Kiingereza, OCD. Mgonjwa huingiwa na wazo la kutisha asilolitaka, kisha hujiona hana budi kufanya kitendo fulani tena na tena ili wazo hilo limtoke. Kuna anayenawa mikono mpaka ngozi ichubuke. Kuna anayehesabu kimoyomoyo kutwa nzima. Yangu mimi yalikuwa ya kufuli na jiko. Nafunga mlango, natembea hatua ishirini, wazo linakuja: je, umezima jiko? Narudi, naangalia, natoka. Je, uliangalia vizuri? Narudi tena. Wenzangu wako kwenye gwaride, mimi bado niko mlangoni kwetu. Darasani nako, hesabu moja naifuta na kuiandika upya hadi karatasi inatoboka. Wengine walisema eti ni uvivu wa kuja shule, wengine eti nimerogwa.

Si uvivu wala si uchawi. Ni ugonjwa unaojulikana siku nyingi, na mara nyingi huanza utotoni au katika umri huu wetu. Huko Ufaransa, daktari Legrand du Saulle aliuandikia kitabu mwaka 1875 akiuita wazimu wa shaka. Lakini mimi naona Kiswahili chetu kimeshinda hapo. Neno wasiwasi limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kunong'ona. Ndivyo ulivyo hasa! Haupigi kelele, ila haunyamazi.

Tiba yake ipo. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer, aliyekuwa akifanya kazi London, alieleza jinsi wagonjwa wawili walivyopata nafuu kwa kukaribia kile walichokiogopa huku wakizuiwa kufanya vile vitendo vyao. Njia hiyo imeboreshwa na inatumika hadi leo. Wengine hupewa dawa pia, nazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu zake. Mimi kazi niliyopewa kliniki ilikuwa fupi kuisema, ngumu kuitenda: funga kufuli mara moja, ondoka, usirudi. Siku za kwanza moyo ulidunda njia nzima. Lakini hofu ni kama maji ya bahari, hujaa kisha hupwa. Ukiyangoja, yanapwa yenyewe.

Sasa nifike kwenye kiini. Watu hudhani mtu akianza kupata nafuu, basi taabu imekwisha. Wapi! Wasiwasi uliacha kufuli ukahamia kwangu mwenyewe. Je, umepona kweli ama unajidanganya? Labda hukuwa mgonjwa, ulikuwa unajifanya tu upate kuhurumiwa? Na kama unayafanya mazoezi vibaya? Tazama mbona jana ulirudi mlangoni mara mbili, si kazi yote imepotea? Mtu akianza kujijibu maswali hayo, atashinda hapo hadi jua litue.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba maswali hayo si mapya. Ni lile lile la jiko limevaa nguo nyingine. Nikijichunguza mara kumi kwa siku kama nimepona, kuna tofauti gani na kuangalia jiko mara kumi? Na ninapomwuliza dawati mwenzangu, "Unaona nimebadilika?" akanijibu, "Eee, umebadilika sana," napata raha ya dakika tano. Ya sita nauliza tena. Wahenga walisema ukimpa shubiri huchukua pima. Wasiwasi ndio hivyo hivyo: kila jibu unalolipa ni chakula, na haushibi.

Kuna watakaouliza: je, kumnyima mwenzako neno la kumtuliza si kukosa utu? Swali zuri. Mimi nasema kuna maneno ya kutuliza na kuna maneno ya kutia moyo. Kumwambia mtu mara ya ishirini "usijali, umefunga" ni kumtuliza, na kesho atahitaji mara ya thelathini. Kumwambia "najua ni vigumu, twende tu" ni kumtia moyo. La kwanza humjibu wasiwasi, la pili humjibu mtu. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Wengine husema aombe tu yatakwisha. Sisemi mtu asisali, hata mimi nasali. Ila wasiwasi huweza kuingia hata katika sala, ukamfanya mtu aianze upya kila akihisi ametamka neno vibaya. Sala na matibabu vinaweza kwenda pamoja.

Basi kwa mwanafunzi aliye katika njia hii nina mambo matatu. Kwanza, shaka ikiuliza kama umepona, jibu "labda ndiyo, labda sivyo," kisha endelea na kazi yako. Pili, usipime nafuu yako kwa unavyojisikia, ipime kwa unayotenda. Je, umefika shuleni? Umemaliza hesabu ukageuza ukurasa? Hiyo ni nafuu, hata kama moyo ulikuwa ukidunda. Tatu, siku mbaya haifuti siku njema. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Kwa walimu wetu wapendwa, naomba kwa heshima: mkimwona mwanafunzi anafuta daftari hadi linatoboka, au anauliza swali moja mara tano, msimwite mzembe kabla ya kumwita kando na kuzungumza naye. Mwelekezeni kwa mwalimu wa ushauri nasaha, na mzazi wake aelezwe kwamba hospitalini kuna msaada. Mficha uchi hazai, lakini ni nani atakayefunua pale anapochekwa?

Nanyi wanafunzi wenzangu, acheni kusema "yule ana wazimu wa kufuli." Utani huo humrudisha mtu nyuma zaidi ya vile mnavyodhani. Mkitaka kumsaidia, tembeeni naye kutoka mlangoni hadi langoni mkizungumza habari za mpira. Akiuliza kama jiko limezimwa, mwambieni kwa upole, "Hilo hatulijibu, twende."

Je, mimi nimepona? Labda ndiyo, labda sivyo. Mtihani wa Hesabu uko wiki ijayo, nami nitajibu kila swali mara moja.