Daftari la Mwanangu: Waraka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Nakuandikia nikiwa na daftari la matibabu la mwanangu mapajani. Jalada nimelishona upya kwa uzi mweusi, maana limekwenda zahanati kila tulipokwenda. Humo "malaria" imeandikwa mara 14. Mara 9 kati ya hizo kipimo hakikuona kitu, na dawa ya mseto akapewa hivyo hivyo.

Ukurasa wa tatu alikuwa na miezi 8. Vidole vya mikono na miguu vilikuwa vimeumuka kama maandazi, akiguswa analia. Iliandikwa "kaumwa na mdudu", na alama ya kuuliza. Mama mkwe akatafuta mtu wa kumchanja chale. Simlaumu, hata zahanati haikuwa na jibu.

Jibu tulilipata akiwa na miaka 6, katika hospitali ya rufaa, macho ya manjano, damu imepungua hadi akaongezewa chupa mbili. Selimundu. Mimi na baba yake tunabeba kinasaba cha ugonjwa huo bila kuugua, na kila mimba yetu ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa.

Kinachoniuma ni kwamba hatukumficha nyumbani. Wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha miezi 9, mtoto alikuwa mbele ya wahudumu wako, akipimwa uzito na kuchanjwa. Tone moja la damu ya kisigino lingetosha. Vipo vipimo vya haraka visivyohitaji umeme wala maabara. Na kujua mapema kunaokoa: utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kuwa watoto wa selimundu waliokunywa penisilini mara mbili kwa siku walipata maambukizi makali ya bakteria wa nimonia kwa asilimia 84 pungufu. Penisilini, Mheshimiwa, dawa ya siku nyingi na ya bei ndogo. Mwanangu hakuipata miaka yote aliyoihitaji zaidi.

Muuguzi wetu yuko peke yake zamu nzima, na foleni ya akina mama inafika chini ya mwembe. Kipimo alicho nacho ni cha malaria, basi malaria ndiyo anayoiandika.

Naomba kipimo cha selimundu kiwekwe kwenye kliniki ya chanjo katika kila zahanati ya wilaya. Na mtoto mwenye vidole vilivyovimba, au homa za mara kwa mara zisizo na malaria, asirudishwe nyumbani na mseto, apewe rufaa.

Nina mimba ya miezi 7. Mtoto huyu nitamleta kliniki ile ile akifika wiki ya 6, na daftari jipya. Naomba siku hiyo kipimo kiwepo.

Wako,
Mama wa mgonjwa