TAHARIRI: LESENI MFUKONI, KOKORO UVUNGUNI

Ndugu wanaushirika, wavuvi, akina mama wa pweza na wanakijiji wote,

Bamvua iliyopita palikuwa na mabishano makubwa mnadani. Kijana mmoja alisema, "Bahari ni ya Mungu, leseni ya nini?" Wengine walicheka, wengine wakampigia makofi. Gazeti letu la ukutani linamjibu leo bila ugomvi, maana swali lake ni la haki.

Sisi tunakaa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Ilitangazwa mwaka 2000 kwa Sheria Na. 29 ya 1994. Ukubwa wake ni kama kilometa za mraba 650: bahari, mikoko na vijiji vyetu humo humo. Hatukufukuzwa. Wenyeji tunavua, ila kwa utaratibu: chombo kiandikishwe, mvuvi awe na leseni, zana ziwe halali. Kwa mitumbwi na ngalawa zetu leseni tunaipata Halmashauri ya Wilaya. Baruti, utupa, kokoro na chandarua ni marufuku. Kasa na nguva hakuna leseni ya kuwavua kabisa.

Sasa wazee wenzangu, tuseme kweli. Mimi mwenyewe ujanani nimekula samaki wa baruti. Ukimpasua unakuta uti wa mgongo umevunjika na damu imejaa tumboni. Tulikula tukanyamaza kwa sababu mpigaji alikuwa mtoto wa fulani. Mwamba ukawa kifusi. Na tumbawe gumu likiongezeka upana wa ukucha kwa mwaka, limejitahidi.

Miaka ya 1990 wananchi wa pwani ya Mtwara, Lindi na Kilwa waliungana katika Shirikisho kupinga baruti. Baadaye, kati ya 2016 na 2018, Serikali ilikaza kamba na milipuko ikapungua sana. Wananchi na sheria wakishikana, jambo linawezekana.

Lakini kokoro bado lipo. Linatoka usiku, linakomba hata vitoto vya tasi na changu visivyojaza kiganja, linang'oa na majani ya bahari. Na wenye kokoro wengine leseni wanazo! Ndugu zangu, karatasi haizai samaki.

Basi leseni ina faida gani? Chombo kinajulikana, hata kikipotea tunajua tumtafute nani. Na wavuvi wa dago wakija na nyavu haramu, mwenye leseni na zana halali anaweza kusimama akawauliza za kwao. Asiyekuwa nazo atawauliza kwa mdomo gani?

Serikali nayo ina wajibu wake. Mvuvi akilipa ana haki ya kujua fedha yake imefanya kazi gani. Tunamwomba Bwana Samaki aje kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji atueleze, tumwulize na tujibiwe.

Kwa upande wetu, tunapendekeza ushirika ufanye mambo matatu:

1. Mvuvi anayetaka akatwe kidogo kidogo kwenye mauzo yake mpaka fedha ya leseni itimie, asihangaike siku ya mwisho.

2. Atakayesalimisha kokoro akopeshwe jarife la macho halali.

3. Mizani ya ushirika isipime samaki wa kokoro, hata wakiletwa na mtoto wa Katibu.

Hili la tatu naliandika nikijua mwanangu atalisoma. Kokoro moja limo nyumbani kwangu, nimelijua tangu kusi ya mwaka jana na nikanyamaza, kama tulivyonyamazia baruti. Jumamosi baada ya Alasiri tutalileta wenyewe, yeye na mimi, ofisini kwa ushirika. Mwenye lake naye alete. Mwenye hoja aje nayo, na asiyejua kusoma asomewe.

BAHARI NI SHAMBA LETU. TUSILE MBEGU.

Katibu wa Chama, Tawi