Tuwataje Marehemu Wetu kwa Majina

Ada yetu watu wa pwani, anapoondoka mtu, ni kumzika, kumsomea hitima, kisha kumtaja. Hutajwa kwa jina lake na la babake, na kwa mema aliyoyatenda. Washairi nao humtungia tanzia. Basi mbona ada hii hatuwatimizii sawasawa wale waliouawa kwa mabomu?

Ndugu msomaji, wakumbuka Ijumaa ya tarehe 7 Agosti, 1998. Asubuhi ile, swala ya Ijumaa haijafika, gari lililopakiwa baruti lililipuliwa nyuma ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, zinapokutana barabara za Moi na Haile Selassie. Jumba la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka. Dar es Salaam nako ubalozi wa nchi hiyo ulishambuliwa asubuhi ile ile, wakafa watu 11. Nairobi walikufa 213, na Wamarekani kati yao walikuwa 12 tu. Wengi wa waliosalia walikuwa wenzetu: makarani, wanafunzi, abiria na wapita njia.

Mmoja wao alikuwa dada yangu, binti wa ami yangu. Aliolewa Kibera, akakaa Makina, katika mtaa ulioanzishwa na askari wa Kinubi tangu enzi za mkoloni. Kazi yake ilikuwa cherehani. Alishona sare za skuli kwa mkopo, na mzazi asiye na kitu alimwambia, "Utalipa Mungu akijaalia." Siku ile alikwenda mjini kununua nyuzi na vifungo. Balozi hakumjua, wala siasa hakuwa nayo.

Kawangware alikuwa na shoga yake, mama wa Kiluhya, Mkristo, ambaye naye alifiwa na mumewe siku iyo hiyo. Kila mwaka ifikapo tarehe ile, mama yule huja Makina na sukari na unga, na mwaka wa pili watu wa Makina humwendea Kawangware. Hapana hotuba. Hukaa mkekani wakahadithiana habari za marehemu wao, watoto wakisikiliza. Sijaona ukumbusho uliopita huo.

Pale palipokuwa ubalozi ilifunguliwa bustani mwaka 2001, na majina yameandikwa ukutani. Ni jambo jema. Lakini ukuta hauwezi kusema kwamba huyu alishona kwa mkopo. Kijana wa Kibera aliyezaliwa baada ya msiba ule huenda sasa ni mzazi. Jina la Osama bin Laden alijua, la jirani aliyeuawa halijui. Kisha yakaja ya Westgate mwaka 2013, na ya Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, na kila msiba ukaufunika uliotangulia.

Sisi Waislamu jambo hili latuhusu zaidi, kwani waliotenda uovu ule walijivika joho la dini yetu. Sura ya Al-Maida tuliyoisoma chuoni yatufunza uzito wa kuua nafsi moja isiyo na hatia. Kulaani tumelaani, lakini hakutoshi. Mwenye kumhadaa kijana humwonyesha adui asiye na sura wala jina. Dawa yake ni kumwonyesha kijana huyo fundi cherehani wa Makina, ajue ni nani hasa aliyeuawa.

Rai yangu ni hii. Kila mwaka, Ijumaa iliyo karibu na tarehe 7 Agosti, imamu na mwalimu wa madrasa wasome majina ya waliouawa wa mtaa wao, na ainuke mtu aliyewajua aeleze maisha yao. Wetu tuwaombee dua. Jirani zetu wa dini nyingine tuwaendee majumbani na mkono wa pole. Nanyi washairi wenzangu, kalamu zenu zimewalilia waheshimiwa wengi. Mlilieni na fundi cherehani.

Mola awarehemu marehemu wetu, na awape subira wafiwa wote. Amin.