Mwonjaji Ana Dhamana



Majira ya sikukuu yanapokaribia, watu wanaofanya kazi pamoja hupenda kuagana na mwaka kwa chakula na kinywaji. Siku hizi wako wanaoandaa jioni ya kuonja divai: chupa kadhaa hufunguliwa, kila mmoja humiminiwa kidogo, kisha hulinganisha ladha. Wengine hutuuliza iwapo jambo hilo lamfaa Mkristo.

Sisi twaona kwamba divai yenyewe haina hatia. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, yadai divai ya altare iwe ya asili, itokanayo na mzabibu, tena isiyoharibika. Swali zito ni hili: ni nani anayewajibika kwa wale waonjao?

Wazee wetu walikwisha kulijibu. Katika makabila mengi ya nchi hii, mwenye pombe huionja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue kwamba haina madhara. Kuonja kwake si anasa, bali ni dhamana. Ni kana kwamba asema: yatakayokupata wewe na yanipate mimi kwanza.

Injili ya Yohane nayo yatupatia mwonjaji. Kule Kana, msimamizi wa karamu alionja divai, akaisifu, lakini hakujua imetoka wapi. Waliojua ni watumishi walioteka maji. Sisi tuishio Buzwagi twapaswa kulielewa neno hilo upesi kuliko wengine, maana dhahabu ya hapa ilisifiwa mbali na watu wasiomjua aliyeichimba. Mgodi ulioanza kuzalisha mwaka 2009 ulikoma mwaka 2021, na nyumba nyingi zilizotegemea mshahara wa zamu zikajifunza kuishi kwa njia nyingine.

Kwa hiyo, mwenyeji wa jioni ya namna hiyo na ajue kwanza divai yake inatoka wapi. Hatuna haja ya kuitafuta Ufaransa. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na wakulima wa Hombolo na vijiji vingine wamehangaika mara nyingi kupata soko la mavuno yao. Chupa ya Dodoma mezani ni ujira wa jirani.

Pili, amjue mgeni wake. Mkuu wa kazi anapomiminia bilauri ya aliye chini yake, mkono wake una uzito. Kijana wa mkataba wa miezi mitatu atakataaje? Miongoni mwetu wamo Waislamu, wamo Walokole, wamo waliopigana na ulevi kwa machozi wakaushinda. Asiyeweza kukataa hakualikwa, bali ameamriwa. Basi maji ya matunda na yawekwe meza ileile, katika bilauri zilezile, wala asiulizwe mtu sababu. Mchango nao usipangwe kwa kipimo cha mwenye mshahara mkubwa.

Tatu, awajue watumishi: mpishi, mlinzi, na dereva atakayewarudisha watu majumbani usiku. Dereva asionje hata tone, na alipwe kabla karamu haijaanza. Kazini tumezoea kanuni kwamba mlevi haruhusiwi kushika mtambo. Kwa nini basi usiku wa sikukuu tumkabidhi mlevi pikipiki, na nyuma yake baba au mama wa watoto?

Watatwambia kwamba masharti haya yaondoa furaha. La hasha! Furaha huondolewa na msiba wa asubuhi, na aibu ya mtu aliyelazimishwa kuuvunja uamuzi wake. Karamu ambayo kila mmoja aliweza kusema hapana, na kila mmoja akafika kwake salama, hiyo ndiyo tunayoibariki kwa moyo mweupe.