Skuli za Geita si Sadaka ya Mgodi

Wako wanachama watakaouliza: gazeti letu la visiwani lina haja gani na skuli za Geita na Shinyanga, hali ya kuwa madawati ya skuli zetu wenyewe hayatoshi? Jawabu ni fupi. Elimu ya skuli si jambo la Muungano, lakini Baraza la Mitihani ni la Muungano. Mtoto wa Makunduchi au wa Micheweni anapoketi kufanya mtihani wa kidato cha nne, karatasi iliyo mbele yake ndiyo hiyo hiyo iliyo mbele ya mtoto wa Msalala na wa Nyang'hwale, kwa siku ile ile na saa ile ile. Watoto hawa wanapimwa kwa mizani moja. Basi yatupasa kujua nani alilipia chaki, na kwa mfuko gani.

Ardhi ya kusini mwa Ziwa ina dhahabu, na khabari hii si mpya. Wajerumani walikwisha kuijua kabla ya karne ya 19 kumalizika. Serikali yao ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, wala hapana skuli ya sekondari waliyowajengea Wasukuma kwa kodi ile. Waingereza walipokuja, walifungua skuli ya Tabora mwaka 1925, nayo ilikuwa khasa kwa watoto wa watemi. Mgodi wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hata ulipofungwa mwaka 1966. Almasi ya Mwadui, Shinyanga, ilivumbuliwa na Dokta Williamson mwaka 1940. Mali hiyo yote ilitoka chini ya miguu ya watu. Na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, wanafunzi wa sekondari katika nchi nzima walikuwa 11,832 tu.

Twayasema haya ya kale kwa sababu moja. Mkoloni alikuwa na desturi ya kuchukua kwa sheria na kutoa kwa hisani. Kodi iliandikwa, skuli haikuandikwa popote. Desturi hii, kwa maoni yetu, haikuondoka pamoja naye.

Mgodi mpya wa Geita ulianza kazi mwaka 2000. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 iliziruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo. Lakini mikataba ya madini ya wakati ule iliweka ukomo: kampuni ilipe halmashauri dola 200,000 kwa mwaka, basi. Na tufanye hesabu, kwani hesabu haina chama. Tuseme mgodi umeuza dhahabu ya dola milioni 500 katika mwaka mmoja. Asilimia 0.3 ni dola milioni moja na nusu. Ukomo wa mkataba haufiki hata sehemu moja ya saba ya fedha hizo. Anayetaka kujua maabara za Geita zilikwenda wapi, aanze kuzitafuta hapo.

Katika miaka hiyo hiyo wananchi waliambiwa wajenge skuli za kata. Walijenga. Walibeba mawe na mchanga, walichangishwa fedha, na asiyetoa alifuatwa mpaka mlangoni. Nchi ilikuwa na skuli za sekondari 1,745 mwaka 2005. Mwaka 2010 zilikuwa 4,266. Hapana mtu mwenye haki atakayeidharau kazi hiyo. Ila kuta nne na bati si skuli. Mwalimu wa fizikia hakuchangishwa kijijini, wala tindikali ya maabara haiokotwi mtoni. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, hata Serikali ikalazimika kuyafuta na kuyapanga upya. Wakubwa waliunda tume. Mtoto wa mkulima wa pamba alirudi shamba.

Hatusemi kwamba mgodi haukutoa kitu. Skuli ya sekondari ya wasichana ya Nyankumbu, mjini Geita, ilijengwa na mgodi, nayo ni skuli ya bweni ambayo mzazi yeyote angefurahi kumpeleka binti yake. Bweni katika nchi ile si anasa. Utafiti wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Shinyanga, wanawake 59 katika kila 100 wa umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Msichana anayekwenda skuli ya mbali kwa miguu, au anayepanga chumba mtaani peke yake, huyo amekwisha kuwekwa njiani pa hatari kabla hajafungua daftari. Kwa hiyo Nyankumbu ni jambo jema. Lakini ni skuli moja, iliyochaguliwa mahali pake na mtoaji. Na mwenye kupewa hana ulimi wa kuuliza kwa nini si mbili, au kwa nini si katika kata yake.

Ada ya sekondari ya kutwa, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, iliondolewa kuanzia Januari 2016. Tulifurahi, na bado twafurahi. Hata hivyo, ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Skuli yenye watoto 600 hupata basi shilingi milioni 15, na humo vimo vitabu, karatasi, ukarabati na mengineyo. Mwalimu mkuu mwenye fungu hilo hana budi kuwa mwanamazingaombwe.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wanachama wetu wangelipenda kulikumbuka. Septemba 2017 madiwani wa Geita walifunga njia za kuingia mgodini, wakidai ushuru wa huduma wa miaka ya nyuma, zaidi ya dola milioni 12. Polisi walikuja na mabomu ya machozi, na madiwani kadhaa wakatiwa mbaroni. Wengi wa madiwani hao walikuwa wa chama kinachotawala! Wala hatusemi kwa kejeli. Mtu akidai haki ya watu wake, hatumuulizi kadi.

Mwaka huo huo Sheria ya Madini ilirekebishwa, na tangu hapo mgodi hauna budi kupatana na halmashauri kila mwaka juu ya mpango wa huduma kwa jamii. Mpango wa Geita wa mwaka 2018 ulikuwa wa shilingi bilioni 9.2. Hii ni hatua. Lakini mpango unaopatanwa kila mwaka hujenga vitu vinavyoonekana katika picha, yaani madarasa, mabati na saruji. Hauwezi kumlipa mlezi wa bweni mwezi baada ya mwezi, wala kununua chakula cha mchana. Twaona ni heri halmashauri itunge sheria ndogo, itenge fungu maalumu la ule ushuru wa huduma kwa uendeshaji wa sekondari, na hesabu zake zibandikwe ukutani pa kila skuli.

Wako watakaosema kwamba dhahabu ni ya taifa zima, na mtoto wa Maswa asiye na mgodi ana kosa gani? Hana kosa. Mrabaha wa asilimia 6 huenda Hazina, na huo ndio wa Maswa na wa kila mtu. Ushuru wa halmashauri ni wa wale wanaomeza vumbi. Tena dhahabu haikai. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009 na ulisimamisha uzalishaji mwaka 2021. Mtoto aliyezaliwa mgodi ulipofunguliwa alikuwa hajaingia kidato cha kwanza ulipofungwa.

Nasi huku? Elimu bure ilitangazwa Unguja tarehe 23 Septemba 1964. Dhahabu hatuna; tuna fukwe. Hoteli inapotoa madawati hamsini, mkubwa huja, utepe hukatwa, na watoto husimamishwa juani waimbe. Hatuyakatai madawati. Twataka Wawakilishi wetu wasimame katika kikao cha bajeti kijacho, wamuulize Waziri mambo mawili: kodi iliyolipwa na hoteli zilizoko Nungwi na Kiwengwa mwaka jana ni kiasi gani, na katika hiyo, shilingi ngapi zimefika katika skuli za sekondari za shehia hizo. Jawabu litakalotolewa tutalipiga chapa neno kwa neno, na likikosekana, tutaiacha nafasi yake tupu katika ukurasa huu.